Mkasi wa Burroughs: kukata ni dakika, kuchagua ni miezi

Kila anapotajwa William S. Burroughs, mwandishi wa Marekani, hakosi mtu wa kusema kwamba riwaya yake Naked Lunch iliandikwa kwa mkasi: eti alikata kurasa, akazirusha juu, zikaanguka zilivyoanguka, naye akazigundisha hivyohivyo. Si kweli. Kitabu hicho kilitoka Paris Julai 1959, na mkasi uliingia katika kazi yake miezi kadhaa baadaye. Fujo ya Naked Lunch ilipatikana kwa njia nyingine kabisa. Asiyezitenganisha njia hizi mbili atakisoma vibaya kitabu hicho, na vile vitatu vilivyofuata atavisoma vibaya zaidi.

Tuanze na fujo ya kwanza. Burroughs alifika Tangier, Morocco, mwaka 1954, akikaribia miaka 40. Sokoni alikuwa na kitabu kimoja tu, Junkie (1953), tena kwa jina la bandia la William Lee. Ace Books walikitoa kama kitabu cha bei poa, wakakibana pamoja na kumbukumbu za askari wa kupambana na dawa za kulevya, kana kwamba wanasawazisha mizani. Mwenyewe alikuwa teja kwelikweli. Huko Tangier alijidunga Eukodol, dawa ya maumivu, mpaka akawa hatoki chumbani. Mwaka 1956 alikwenda London kwa daktari John Dent, aliyemtibu kwa dawa iitwayo apomofini. Akarudi Tangier arosto imemwachia, akapanga chumba hoteli ya Villa Muniria na kuanza kuandika kama mtu anayefukuzwa. Kurasa zilijaa sakafuni. Rafiki yake, mwandishi Jack Kerouac, alipokuja mwanzoni mwa 1957 alimchapia sehemu yake (jina la kitabu pia lilitoka kwake), kisha washairi Allen Ginsberg na Alan Ansen wakafika na kuanza kulipanga lundo.

Lundo lenyewe lilikuwa vipande vifupi vya kuigiza: daktari Benway anayepasua watu kwa uzembe, wauza unga, wapelelezi, wanasiasa wa nchi zisizokuwepo. Vingi vilianza kama barua kwa Ginsberg. Kipande kinaanza kwa utulivu, kinapanda, kinavuka mpaka wa adabu, kinakatika. Hakuna kisa kinachoviunganisha, na hapo ndipo bahati ilipopata mlango. Maurice Girodias wa Olympia Press, wachapishaji wa Paris, alikuwa ameukataa muswada. Kisha vipande vyake vikazua zogo Chicago: chuo kikuu kilizuia toleo zima la jarida lililotaka kuvichapisha, wahariri wakajitoa na kuanzisha jarida lao, Big Table, na posta ikazishika nakala. Girodias akabadili nia, akautaka muswada ndani ya takriban wiki mbili. Burroughs, mchoraji Brion Gysin na mshairi wa Afrika Kusini Sinclair Beiles wakahangaika nao, na sehemu iliyokuwa tayari ilipelekwa kwa mchapaji bila kujali ni ya ngapi. Prufu, yaani kurasa za kusahihishia, ziliporudi wakaona mpangilio ule wa kubahatisha unakaa sawa. Badiliko kubwa lilikuwa moja tu: tukio la wapelelezi Hauser na O'Brien lilitolewa mwanzoni likapelekwa mwishoni. Kwa hiyo bahati ilipanga sura, lakini sentensi haikuzigusa. Sentensi zilitoka kichwani mwa mtu, moja baada ya nyingine, kama za mwandishi mwingine yeyote.

Maisha yake yamesimuliwa mno kuliko kazi yake, kwa hiyo nitapita haraka. Alizaliwa St. Louis, Missouri, tarehe 5 Februari 1914. Babu yake, ambaye jina lake alilirithi, ndiye aliyebuni mashine ya kujumlisha iliyoenea katika mabenki. Wengi hudhani mjukuu aliishi kwa fedha za mashine hiyo, kumbe familia ilikuwa imeuza hisa zake zamani. Wazazi waliendesha duka la zawadi, na dola 200 walizomtumia kila mwezi kwa miaka mingi ndizo zilizomweka Mexico, Tangier na Paris. Uasi wake ulikuwa na wafadhili, na sioni haja ya kulificha hilo. Harvard alimaliza 1936. Mwaka 1942 alikuwa Chicago akipulizia dawa ya wadudu majumbani, kazi aliyoipenda na kuirudia katika maandishi yake miaka na miaka.

Tarehe 6 Septemba 1951, Mexico City, watu wakiwa wamelewa, Joan Vollmer, aliyekuwa akiishi naye kama mkewe, aliweka glasi kichwani, Burroughs akalenga kwa bastola, akamuua. Joan alikuwa na miaka 28 na watoto wawili. Burroughs alikaa mahabusu siku 13, akatoka kwa dhamana, baadaye akatoroka nchi na kuhukumiwa kifungo cha nje akiwa hayupo. Mwaka 1985, katika utangulizi wa Queer, aliandika kwamba bila kifo kile asingekuwa mwandishi. Wapenzi wake wengi wameikariri kauli hiyo kama vile ni cheti cha kuzaliwa cha sanaa yake. Mimi naona ibaki pale ilipo: ni maneno ya mtu aliyeua, akijizungumzia mwenyewe. Mtoto wao wa kiume, aliyekuwa na miaka 4 wakati huo, alilelewa na babu na bibi, akaandika vitabu viwili vyake, akafa 1981 akiwa na miaka 33.

Sasa mkasi. Kwa usahihi ulikuwa wembe. Mwaka uleule wa 1959, katika hoteli chakavu ya rue Gît-le-Cœur namba 9, Paris, Gysin alikuwa akikata kadi ya kuwekea mchoro juu ya meza aliyoitandika magazeti. Wembe ulipita kadi ukakata na magazeti ya chini. Akaokota vipande, akavilaza kimoja kando ya kingine, akaona habari za kurasa tofauti zimeungana zikatoa sentensi za ajabu, akacheka. Burroughs aliporudi kutoka kukutana na waandishi wa jarida la Life, akaonyeshwa. Yeye aliona hapo kazi ya miaka, na kweli hakuiacha kwa karibu muongo mzima.

Kitabu cha kwanza cha majaribio hayo, Minutes to Go, kilitoka 1960 kwa mkono wa Jean Fanchette, mshairi wa Morisi aliyekuwa Paris. Ndani yake wako Gysin, Burroughs, Beiles na Gregory Corso, na Corso aliweka maelezo ya kujitenga na jambo lenyewe. Wapinzani wao walikumbusha, na walikuwa na haki, kwamba Tristan Tzara, mshairi wa kundi la Dada, alishatoa kichocheo kama hicho mwaka 1920: kata maneno ya gazeti moja moja, tia mfukoni, tikisa, nakili yanavyotoka. Tofauti iko kwenye ukubwa wa kipande. Neno moja moja likichanganywa hubaki neno tu. Kipande chenye maneno matatu au manne bado kina pumzi ya aliyekiandika, bado kina hasira yake au uongo wake, na kikikutana na kipande cha mtu mwingine unasikia sauti mbili zikigombania mdomo mmoja. Burroughs alitaka ugomvi huo.

Hatua zenyewe, alivyozieleza, ni chache mno. Chukua ukurasa ulioandikwa. Ukate katikati kwa wima, kisha katikati kwa ulalo. Una robo nne: ya kwanza juu kushoto, ya pili juu kulia, ya tatu chini kushoto, ya nne chini kulia. Weka ya nne kando ya ya kwanza, na ya pili kando ya ya tatu. Soma kutoka ukingo hadi ukingo.

Ambacho hakielezwi ni maandalizi, na wengi hukwama hapo. Chapa upande mmoja wa karatasi, kwa sababu ukikata ukurasa uliochapwa pande zote mbili, upande mmoja umeupoteza. Kata nakala, usikate asili. Nafasi kati ya mistari iwe ileile ukurasa mzima, na herufi ziwe za ukubwa mmoja, la sivyo robo mbili zikikaa pamoja mistari haitakutana na utaanza kukisia. Mkato wa ulalo upite kati ya mistari, usipite juu ya maneno. Andika kwa penseli nyuma ya kila robo imetoka ukurasa gani. Kisha, kabla hujasahihisha hata nukta, chapa upya ukurasa mpya ulivyo, na makosa yake yote. Ukianza kunyoosha sentensi huku unasoma, unachoandika ni kile ulichokuwa ukitaka kusema tangu mwanzo, na mkasi umeutumia bure.

Ukurasa wa A4 wenye nafasi ya mstari mmoja na nusu una mistari thelathini na kitu. Kila mstari mpya una kiungo kimoja pale katikati. Kwa hiyo ukurasa mmoja unakupa viungo thelathini na kitu vya kuchunguza, na vikisimama viwili au vitatu hayo ni mavuno mazuri. Burroughs mwenyewe alieleza katika mahojiano ya 1965 kwamba pengine angekata ukurasa na asitumie hata neno moja la matokeo, ila apate wazo jipya la kuandika kwa njia ya kawaida. Pengine angechukua sentensi moja au mbili. Hesabu hiyo ndiyo siri ya jambo lote. Kukata ni dakika tano. Kinachobaki ni kusoma takataka kwa subira ya mchambua mchele.

Njia ya pili, aliyoitegemea zaidi baadaye, ni kukunja. Haihitaji mkasi. Unachukua ukurasa wako na ukurasa wa mwingine, unaikunja kila mmoja katikati kwa urefu, unalaza nusu ya huu juu ya nusu ya ule, unasoma moja kwa moja. Faida yake ni kwamba asili hazikatwi, na unaweza kusogeza nusu moja mstari mmoja juu au chini ukajaribu tena. Alikunja maandishi yake na ya Rimbaud, Eliot, Kafka, Shakespeare, pamoja na magazeti ya siku hiyo.

Huu hapa mfano mdogo wa Kiswahili, wa kubuni. Tangazo la boti:

Boti ya saa moja asubuhi / itachelewa kuondoka leo
abiria wote wenye tiketi / wasubiri ndani ya jengo
mizigo mikubwa ipimwe / kabla haijapakiwa chini
na nahodha akitoa ishara / milango itafungwa papo hapo

Na habari za harusi:

Bibi harusi alitoka ndani / akiwa amejifunika kanga
vigelegele vilipigwa / mpaka jirani wakaamka
wazee wa pande mbili / walikaa kwenye mkeka
kadhi aliuliza mara tatu / ndipo bwana akaitikia

Kunja, chukua kushoto kwa tangazo na kulia kwa harusi:

Boti ya saa moja asubuhi akiwa amejifunika kanga
abiria wote wenye tiketi mpaka jirani wakaamka
mizigo mikubwa ipimwe walikaa kwenye mkeka
na nahodha akitoa ishara ndipo bwana akaitikia

Mstari wa nne hauna kovu. Nahodha amekuwa kadhi, na msomaji asiyejua asili hatagundua mshono. Wa kwanza una kosa la sarufi, boti haiwezi kuwa "akiwa", lakini kosa lenyewe linalipa: kiambishi cha mtu kimeipa boti mwili, sasa kuna mwanamke gatini kajifunika. Wa pili ni dhaifu, abiria hawana kitenzi chao cha kuutia nguvu, ningeutupa. Wa tatu ndio unaonivutia. "Walikaa" ni akina nani? Wazee wametoweka, wameacha kiti chao ndani ya kitenzi. Mizigo inapimwa na kuna watu wasioonekana wamekaa.

Kwa Kiingereza mchezo huu ni rahisi kuliko kwetu, na sababu zake zinafaa kujulikana kabla mtu hajaharibu karatasi. Maneno ya Kiingereza ni mafupi na hayabebi alama nyingi za upatanisho, kwa hiyo wembe ukipita popote unaacha vipande vinavyoshikamana. Kitenzi cha Kiswahili ni kirefu. Mkato wa wima utapita katikati ya "waliompelekea" ukuachie "waliom" upande mmoja na "pelekea" upande wa pili, na huo wa pili umegeuka amri ya ghafla. Mara moja moja hiyo ni zawadi. Mara nyingi ni uchafu. Dawa ni kukata kwa kufuata mpaka wa neno ulio karibu zaidi na mstari wa katikati, yaani mkasi uende kwa ngazingazi. Wenye msimamo mkali watasema umeingilia bahati. Na uingilie.

Kikwazo kikubwa zaidi ni ngeli. "Kiti" kikikutana na "yamevunjika", msomaji wa Kiswahili anasikia kosa kabla hajasikia maana. Mistari kumi ya namna hiyo mfululizo na ukurasa unasomeka kama kazi ya mtu asiyejua lugha. Njia ya kupunguza ni kuchagua asili kwa busara. Maandishi yaliyojaa "hu" ya mazoea hayana kiambishi cha nafsi: hupita, huja, huoza. Yanakubali nomino yoyote iliyotangulia. Kadhalika "ku" ya kitenzi-jina: kupika, kuaga, kuhesabu. Maelezo ya mapishi na ya matumizi ya dawa yanakunjika vizuri sana na hadithi kwa sababu hiyo. Na usisahau "ka" ya masimulizi. "Akaitikia" inadai kwamba kuna jambo limetangulia, haijali ni lipi, hivyo chochote utakachoweka mbele yake kinageuka chanzo. Hiyo ni gundi ambayo Gysin na Burroughs hawakuwa nayo.

Wakati mwingine upatanisho uliovunjika ni mali, lakini uwe mmoja katika aya, na uwe umeuchagua. "Chenye" au "lake" iliyobaki yatima inaonyesha umbo la kitu kilichokatwa: msomaji anajua tu kilikuwa cha ngeli gani. Kipande cha Kiingereza kikipoteza nomino yake hakiachi alama ya wazi namna hiyo. Kwa kipimo cha ukubwa, ningesema maneno mawili hadi manne ya Kiswahili kwa kipande, kwa kuwa kila neno letu limebeba mzigo zaidi. Magazeti yenye safu nyembamba yanafaa kwa kusoma kuvuka safu, ila epuka mistari iliyokatiwa maneno kwa kistari.

Makosa mengine hayana lugha. Ukikunja ushairi na ushairi utapata uji. Chukua asili zinazochukiana: hotuba na ripoti ya daktari, mahubiri na bei za nyanya. Ukikata vidogo mno unarudi kwa Tzara. Kosa baya kuliko yote ni kuhifadhi kila kitu kwa sababu "bahati imesema". Bahati haina sikio.

Burroughs alilipa gharama ya kosa hilo hadharani. The Soft Machine ya 1961, iliyotoka Olympia, iligawanywa sehemu nne zilizopewa rangi: nyekundu, kijani, buluu na nyeupe. Karibu haisomeki. Yeye mwenyewe aliliona hilo, akaandika upya toleo la 1966 la Grove, wachapishaji wa Marekani, akiongeza masimulizi ya kawaida, na toleo la wachapishaji Calder wa London la 1968 ni tofauti tena. The Ticket That Exploded (1962) ilipanuliwa 1967. Nova Express ilitoka 1964. Vitabu hivi vitatu huitwa utatu wa mkasi, na vinachota katika lundo lilelile la Tangier lililozaa Naked Lunch, ndiyo maana wahusika na sentensi zinajirudia. Toleo la 1966 lina sura ya Wamaya ambayo ndiyo lango bora la kuingilia: msimulizi anaeleza kwa lugha iliyonyooka namna anavyokunja gazeti la leo na la jana ili kusafiri nyuma, kisha anakwenda kuvunja kalenda ambayo makuhani wanaitumia kuwatawala wakulima. Humo kuna nadharia yake yote. Aliamini maneno yamepangwa katika minyororo, na wanaoshika minyororo, wenye magazeti, makuhani, matangazo, wanashika watu. Kata mnyororo, amri inapoteza nguvu.

Aliamini pia kwamba vipande vinatabiri. Alipenda kusimulia jinsi alivyokata makala kuhusu tajiri John Paul Getty, ikatoka sentensi isemayo ni vibaya kumshtaki baba yako mwenyewe, na baadaye mmoja wa wana wa Getty akamshtaki baba. Hapo simwamini. Anayekata maelfu ya kurasa kwa miaka hatakosa kugonga moja, na zilizokosea hakuna anayezisimulia. Nadharia ya minyororo haihitaji utabiri ili isimame.

Kutoka karatasi alihamia kwenye tepu, akisaidiwa na Ian Sommerville, kijana wa hisabati kutoka Cambridge. Rekodi maandishi yoyote. Rudisha tepu nyuma au ipeleke mbele bila kuangalia, simamisha popote, rekodi maneno machache juu yake, tena na tena. Kila unapoingiza, kilichokuwepo kinafutika, kwa hiyo kiungo hakina pengo. Kwenye simu leo unaweza kufanya hivyohivyo kwa programu yoyote inayoruhusu kurekodi juu ya rekodi ya zamani. Ingiza sekunde chache tu kila mara, umbali wa mdomo na maikrofoni uwe uleule, na usichungulie wimbi la sauti kwenye skrini, maana jicho litaanza kuchagua pa kukata. Filamu nayo ilikatwa. Antony Balch alitengeneza The Cut-Ups (1966) kwa kugawa picha katika mafungu manne na kuunganisha futi moja kutoka kila fungu kwa zamu. Ilipoonyeshwa Oxford Street, London, inasimuliwa kwamba watazamaji walitoka wakiwa wamesahau mikoba na miavuli.

Kuna zoezi lake jingine, silioni likitajwa mara kwa mara, ambalo kwa mwandishi anayeanza lina faida kuliko mkasi. Alipokuwa safarini aligawa ukurasa wa daftari safu tatu: ya kwanza, kinachotokea, ya pili, kumbukumbu zilizomjia wakati huo, ya tatu, mistari ya kitabu alichokuwa akisoma. Mkasi unafanya kwa nguvu kile ambacho safu hizi zinaonyesha kwamba akili inafanya yenyewe. Unatembea Kariakoo, unakumbuka deni, kibao cha duka kinakatiza, muziki wa daladala unakatiza kibao. Bahati nasibu pekee ni nani anakatiza lini.

Kesi nitaitaja kwa ufupi. Grove Press walitoa Naked Lunch Marekani mwaka 1962, ikashtakiwa Boston kwa uchafu, Ginsberg na mwandishi Norman Mailer wakatoa ushahidi wa kuitetea. Mwaka 1965 ilishindwa. Tarehe 7 Julai 1966 Mahakama Kuu ya Rufani ya jimbo la Massachusetts ikatengua. Baada ya hapo vita vya mahakamani dhidi ya riwaya Marekani vilipoa.

Alirudi New York 1974 baada ya miaka mingi London, akahamia Lawrence, Kansas, 1981, na humo akamaliza utatu wa mwisho: Cities of the Red Night (1981), The Place of Dead Roads (1983), The Western Lands (1987). Mkasi bado umo, ila sasa ni chumvi. Visa vinatembea, watu wana majina, kisha ghafla ukurasa mmoja unakatika na kurudi. Kwangu hapo ndipo mbinu ilipokomaa. Alifia Lawrence tarehe 2 Agosti 1997, miaka 83.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kushawishika kumlinganisha na Euphrase Kezilahabi wa Nagona (1990) na Mzingile (1991). Ulinganisho una kikomo. Kezilahabi alivunja kisa kwa fumbo na falsafa. Kila sentensi yake imekusudiwa pale ilipo. Ukimsoma ukitafuta mshono wa mkasi utapoteza muda.

Kwa anayetaka kununua: anza na Junkie, ambayo ni masimulizi makavu, ujue sauti yake kabla haijakatwa. Kisha Naked Lunch katika toleo lililohaririwa na James Grauerholz na Barry Miles. Kwa utatu wa mkasi, matoleo yaliyorejeshwa na Oliver Harris mwaka 2014 yana maelezo ya nini kilitoka wapi. Ukikuta The Soft Machine ya mitumba, angalia kwanza ukurasa wa hakimiliki. Ya 1961, ya 1966 na ya 1968 ni vitabu vitatu tofauti vyenye jalada la jina moja, na muuzaji huenda hajui anauza kipi.